Pingamizi la Mtaro

Bahasha ilikuwa ya rangi ya udongo, imegongwa muhuri wa baraza la mji, na Fundi Saa aliipokea mlangoni pa duka lake akiwa bado amebana lenzi jichoni. Aliichana kwa bisibisi ndogo kuliko zote alizokuwa nazo, ile ya kufungulia saa za kike, akasoma, akatoa lenzi, akasoma tena.

Baraza lilikuwa limeamua kujenga mtaro wa zege wa kupitisha maji ya mvua, kuanzia juu kabisa mwa barabara yao hadi kwenye kalavati la bondeni. Ilikuwa habari njema hadi aya ya tatu. Aya ya tatu ilisema kwamba sehemu kubwa ya gharama ingebebwa na wenye viwanja vinavyopakana na barabara hiyo, kila mmoja kwa kadiri ya urefu wa mpaka wake, kwa muda wa miaka kumi. Atakayeshindwa, kiwanja chake kingeweza kunadiwa.

Nyumba ya Fundi Saa ilikuwa ya kona. Mbele ilitazama barabara, ubavuni nako ilitazama barabara hiyohiyo pale inapokata kuteremka bondeni. Kwa maana hiyo angepimwa pande zote mbili. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, aliyefiwa na mkewe, watoto wake wawili wameshika maisha yao miji ya mbali, na kazi yake ya kutengeneza saa ilikuwa inakufa mbele ya macho yake, kwa kuwa kila mtu sasa alitazama saa kwenye simu. Siku nyingine alikaa kutwa nzima akibadilisha betri mbili tu.

Asubuhi iliyofuata alifunga duka akaenda ofisi za baraza. Karani wa barabara, mwanamke mwenye sauti ya upole na meza iliyojaa mafaili hadi kidevuni, alimweleza bila haraka. Wenye viwanja walikuwa na haki ya kupinga. Walikuwa na siku thelathini. Barabara ilikuwa na viwanja thelathini na nane, kila kiwanja kilihesabiwa sauti moja, na zikipatikana sahihi ishirini za kupinga, mradi ungesimama kwa miaka miwili kabla baraza halijaruhusiwa kuuleta tena. Alimpa fomu. Fundi Saa aliuliza kama kuna fomu ya wanaoutaka mtaro. Karani akasema hapana, anayeutaka ananyamaza tu.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuzunguka na karatasi.

Hakufanya kwa choyo, na hilo ni haki lisemwe. Nyumba ya pili kutoka kwake aliishi mjane mzee waliyemwita Bi Ushanga, kwa sababu alitunga shanga tangu usichana wake hadi vidole vikapinda. Kiwanja alichoachiwa na mumewe kilikuwa chembamba kwa ndani lakini kirefu kwa mbele, na kwa sheria ya kupima mpaka alitakiwa kulipa kuliko watu wenye maghorofa. Fundi Saa alipomsomea ile barua, bibi hakulia wala hakulalamika. Aliuliza tu, "Mwanangu, wakiuza, wanakupa siku ngapi za kutoa vitu?" Fundi Saa akamshika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akaliweka kwenye fomu kwa uangalifu kana kwamba anaweka mshale wa sekunde.

Watu walimwamini. Alikuwa ameshika saa za baba zao. Alipoketi kwenye sebule za watu na kuwaeleza kwa utaratibu, hakuna aliyemfukuza. Wengine walisaini kwa sababu hawakuwa na pesa, wengine kwa sababu maji hayakuwahi kufika kwao, na mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alisaini kwa sababu baraza halikumpa zabuni ya saruji. Wiki ya pili ilipokwisha alikuwa na sahihi kumi na nne. Hapo akakwama. Waliobaki walikuwa na fedha za kutosha kutojali, au waliutaka mtaro kwelikweli.

Dada yake alimjia dukani siku ya Jumapili.

Alikuwa amemzidi miaka mitano, mwanamke mrefu, mikono yake imebabuka kwa sabuni kali, maana alifanya kazi ya dobi hospitalini, akifua na kupiga pasi mashuka. Ile nyumba ya kona ilikuwa ya wazazi wao, na kwa haki ilikuwa ya wote wawili. Lakini miaka mingi nyuma, Fundi Saa alipotaka kufungua duka na benki ikakataa kumkopesha kwa hati yenye majina mawili, dada yake alikwenda masjala ya ardhi akafuta jina lake. Hakudai kitu. Alikuwa na mume mwenye kazi nzuri, alisema, na mume akiwepo mtu hakosi pa kulala.

Mumewe alikuwa mchora mabango, waliyemwita Brashi. Nusu ya mabango ya mji ule yalitoka mkononi mwake, pamoja na la duka la Fundi Saa. Kisha kiharusi kikamshika, upande wote wa kulia ukafa, na ule mkono wa kazi ukabaki umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Walihama nyumba waliyopanga, wakaenda kupanga chumba kimoja chini kabisa ya barabara, karibu na kalavati, kwenye safu za vyumba ambako kodi ilikuwa nafuu kwa sababu maji yaliingia kila mwaka.

Dada alikaa kwenye kiti cha wateja akaweka mkoba mapajani.

"Nimesikia unazungusha karatasi," alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Ya kuzuia mtaro."

"Ya kuzuia tozo. Na mtaro wenyewe sina ugomvi."

"Ipo namna ya kuzuia kimoja kingine kikabaki?"

Fundi Saa alifuta meza iliyokuwa safi. Alimweleza habari za Bi Ushanga, na za kona, na pande mbili za kupimwa. Dada alisikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu wa kukatiza wengine. Kisha akamweleza ya kwake. Mwaka uliopita maji yalifika kwenye godoro. Alikuwa nyumbani, akamwinua Brashi akamkalisha juu ya meza, akasimama naye hadi yakapungua. Lakini yeye alikuwa mtu wa zamu. Siku yakija hayupo, ingekuwaje?

"Nipe nami nitie sahihi," alisema. "Ya kuutaka."

"Hakuna fomu ya kuutaka. Na hata ingekuwepo, Dada..." Akaifuta meza tena. "Ni ya wenye viwanja."

Dada alitazama kuta za lile duka, ambalo zamani lilikuwa chumba chao cha kulala, yeye kitanda cha dirishani na mdogo wake cha ukutani. Hakupandisha sauti.

"Wenye viwanja," alisema polepole, kama anayeonja chumvi. "Basi sawa, mdogo wangu. Mwenye kiwanja ni wewe."

Akanyanyuka. Mlangoni aligeuka akamwomba jambo moja. Yeye Fundi Saa alishinda dukani kila siku, na kutoka pale hadi bondeni ni mwendo wa dakika tano. Mvua ikianza na yeye yuko kazini, amtazame shemeji yake. Fundi Saa aliitikia upesi, akashukuru moyoni kwamba ameombwa kitu anachokiweza.

Jioni hiyo alishuka kumsalimu Brashi, labda kwa kutaka kusamehewa kabla ya kosa. Brashi aliongea kwa nusu ya mdomo, na utani wake ulitoka kwa upande huohuo mmoja.

"Shemeji, nasikia unatafuta sahihi," alisema. "Ningekupa yangu, lakini mkono wa kuandikia umegoma. Na wa kushoto hauna elimu."

Wakacheka wote wawili. Fundi Saa aliondoka akijiambia kwamba mtu anayecheka vile hana kinyongo.

Zilibaki siku tano, na sahihi sita. Safu za vyumba za kule bondeni zilikaa juu ya viwanja sita vya mtu mmoja, ambaye wapangaji walimwita Bwana Kodi. Yeye mwenyewe aliishi upande wa pili wa mji, kwenye mwinuko, na hakuwahi kuonekana kule chini mvua zikinyesha. Fundi Saa alijua alichokuwa anakwenda kufanya. Alikaa siku mbili nzima bila kwenda. Siku ya tatu alimwona Bi Ushanga akifunga vyombo vyake kwenye gazeti, taratibu, kimoja kimoja, ati kujizoeza mapema. Akapiga moyo konde, akavaa shati la kola, akaenda.

Bwana Kodi alimkaribisha vizuri na kumpa soda. Aliuliza swali moja tu: kama mtaro ukijengwa, serikali itamzuia kupandisha kodi? Fundi Saa akasema hafikirii hivyo. Bwana Kodi akapiga hesabu kichwani, akasema hata hivyo kulipia viwanja sita miaka kumi ni kujitia kitanzi, vyumba vile vinapata wapangaji hivyohivyo vilivyo. Akasaini mara sita, kwa kalamu ya wino, akipuliza kila sahihi ikauke.

Ishirini. Karani wa barabara alizihesabu mbele yake, akagonga muhuri, akaandika tarehe. Aliposoma majina ya viwanja sita vya mwisho alinyanyua macho akamtazama Fundi Saa, kisha akarudi kwenye faili.

Mradi ukasimama. Watu wa juu walimpongeza barabarani, na Bi Ushanga alimtungia kamba ya shanga ya kufungia funguo. Mvua za mwaka ule zilikuja kwa adabu. Kila wingu lilipotanda Fundi Saa alifunga duka akashuka kwa Brashi, wakakaa wakipiga soga hadi kukauke, na maji hayakupita kizingiti. Mara mbili alitaka kumwambia ni nani aliyetoa zile sahihi sita za mwisho, na mara mbili Brashi akageuza mazungumzo. Huenda alijua. Mtaa mzima ulijua.

Mwaka wa pili mvua ilikuja siku ya Alhamisi, saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Haikutanguliwa na manyunyu. Ilishuka yote kwa mpigo mmoja, na kelele yake juu ya bati ilifanya mtu asisikie sauti yake mwenyewe. Fundi Saa alisimama mlangoni akaona barabara imekuwa kahawia, inakwenda. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika kumi.

Alijua pa kwenda. Lakini maji yalikuwa yameanza kulamba ngazi ya duka, jambo ambalo halijawahi kutokea, na kwenye droo za chini kulikuwa na saa za watu: ishirini na kitu, nyingine za marehemu, nyingine zimefunguliwa matumbo, vipuri vyake vimepangwa kwenye vifuniko vya chupa. Akajiambia dakika mbili. Akaanza kuzipandisha kwenye rafu ya juu. Kifuniko kimoja kikapinduka, akapiga magoti kutafuta skrubu isiyozidi punje ya ufuta, kwa mazoea tu, kwa sababu mikono yake haikujua namna nyingine ya kufanya kazi. Alipoinuka na kutazama ukutani ilikuwa saa nne na nusu.

Akatoka mbio. Pale barabara inapokata kuteremka maji yalimfika mapajani, yakimsukuma kutoka nyuma, yakibeba ndoo na viatu na mlango mzima wa choo. Kule chini watu walikuwa wamepanda juu ya mabati na watoto wao. Alipita akiita jina la shemeji yake. Milango ya vyumba vile ilifunguka kwa nje, mwenye nyumba aliipanga hivyo ili kuokoa nafasi ndani, na sasa maji yalikuwa yameukandamiza mlango wa Brashi hadi usawa wa kifua. Aliuvuta, haukutikisika. Kinyozi aliyepanga chumba cha pili akateremka kutoka juu ya bati, wakavuta wawili, wakaacha. Wakavunja nondo za dirisha kwa jiwe. Kinyozi ndiye aliyepenya, kwa kuwa alikuwa mwembamba.

Brashi alikuwa amejaribu. Alikuwa ameshajikokota kutoka kitandani hadi kwenye meza, na mkono wake wa kushoto, ule usio na elimu, ulikuwa umeshika mguu wa meza kwa nguvu hata wakashindwa kuubandua pale pale. Meza yenyewe ilikuwa imepinduka.

Mvua ilikatika saa tano na robo. Dada alifika saa saba na nusu, akiwa na sare ya hospitali, kwa sababu barabara zilikuwa zimefungwa na alitembea mji mzima kwa miguu. Walikuwa wamemlaza Brashi kwenye veranda ya jirani, wamemfunika shuka. Dada aliitazama ile shuka, akashika ncha yake, akaona muhuri wa hospitali, mojawapo ya zile kuukuu alizopewa. Akainyoosha mikunjo. Ndipo akakaa chini.

Walimzika kesho yake. Watu wa juu walikuja wengi, wakachanga, wakasema ni kazi ya mbingu. Fundi Saa alisimama upande wa ndugu na hakuweza kumwangalia mtu usoni.

Dada hakuwa na pa kwenda. Akahamia nyumba ya kona, kwenye chumba cha nyuma. Aliamka alfajiri, akaenda kazini, akarudi, akapika, wakala. Hakusema neno juu ya karatasi. Wala hakununa. Alimwuliza chumvi imetosha, alimwuliza kama shati lile ni la kufua. Fundi Saa angetoa chochote apate kutukanwa. Nyumba ilikuwa na saa kumi na moja za ukutani, nyingine za biashara, na kati ya maneno yao zilisikika zote.

Ilikuwa siku ya arobaini na ngapi, wanakunja nguo, Dada alipouliza kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi.

"Siku ile ulitoka dukani saa ngapi?"

Angeweza kusema hakumbuki. Mtu mwingine yeyote angeweza kusema hivyo.

"Saa nne na nusu."

"Na maji yaliingia barabarani saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

Dada aliweka nguo moja juu ya nyingine. "Dakika ishirini," alisema.

"Nilikuwa napandisha saa za watu."

"Zilipona?"

"Zote."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa risiti aliyokuwa akiisubiri, akachukua lundo la nguo akaenda nalo ndani. Fundi Saa alibaki na soksi moja mkononi. Usiku ule na nyingi zilizofuata hakupata usingizi, lakini alfajiri alisikia sufuria jikoni kama kawaida, na chai ilikuwa mezani.

Miaka miwili ya sheria ilipotimia baraza lilileta bahasha nyingine. Mtaro uleule, mpaka uleule, ila gharama ilikuwa imepanda karibu nusu tena, kwa sababu saruji haimsubiri mtu. Fundi Saa aliisoma, akaikunja, akaenda masjala ya ardhi. Alikaa foleni siku mbili. Siku ya tatu alirudi na hati ya kiwanja yenye majina mawili, akaiweka mbele ya dada yake bila maelezo. Dada aliisoma yote, hata maandishi madogo ya nyuma.

"Umechelewa," alisema. Kisha, akiikunja, "Lakini nitaitumia."

Safari hii karatasi ya pingamizi ilizungushwa na wakala wa Bwana Kodi, kijana wa pikipiki, tena ilikwenda kasi. Ilifikisha kumi na nane. Bi Ushanga aliweka dole gumba kama mwanzo, na Fundi Saa hakuwa na uso wa kumwomba asiweke. Ikabaki mbili tu, na baraza likaitisha kikao cha kusikiliza wenye viwanja kabla siku hazijakwisha.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule, watu wakiwa wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Mlangoni karani wa barabara alikuwa na orodha, na asiyekuwa kwenye orodha aliruhusiwa kusimama nje dirishani, lakini si kusema. Wapangaji wa bondeni walijaa madirishani. Wenye viwanja walisema mengi, kwa saa nzima, juu ya asilimia na riba na nani apimwe vipi. Mhandisi wa mji alijibu huku akitazama saa yake. Ndipo dada akanyoosha mkono. Karani aliangalia orodha, akamwonyesha mhandisi kwa kidole mahali jina lilipo.

Dada alisimama. Hakuwa na karatasi.

"Kule chini kuna vyumba ishirini na vinne," alisema. "Nimevihesabu, na watu waliomo nimewahesabu. Ni tisini na mmoja. Walikuwa tisini na wawili. Mara ya kwanza mliulizana ninyi kwa ninyi, na mimi ndugu yangu mwenyewe aliniambia si ya kwangu kuulizwa. Kwa sheria alisema kweli. Leo nimeulizwa kwa sababu kuna karatasi yenye jina langu. Jana sikuwa nayo, na nilikuwa mtu huyuhuyu. Sina la zaidi."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Nje dirishani mtu alikohoa. Fundi Saa alikuwa amekaa kando yake, mikono amebana katikati ya mapaja, na alihisi macho ya ukumbi mzima yakimpita kichwani kama nzi. Dada hakumgeukia.

Sahihi mbili hazikupatikana. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliondoa hata ya kwake, ingawa watu walisema ni kwa sababu safari hii alipewa zabuni ya saruji. Mtaro ukachimbwa. Miezi minne barabara ilikuwa handaki, watu wakipita juu ya mbao, vumbi likaingia hata ndani ya saa zilizofungwa. Ulipokwisha ulikuwa mtaro mzuri, wa kina cha kifua, na mvua ya kwanza iliingia ndani yake yote ikaenda zake kwenye kalavati, na kule chini hapakulowa hata jamvi.

Mwezi uliofuata Bwana Kodi alipandisha kodi. Vyumba vilikuwa vikavu sasa, alisema, na yeye ana tozo ya viwanja sita. Kinyozi alihama wa kwanza. Kufikia mwisho wa mwaka, kati ya wale tisini na mmoja walibaki kumi na watatu. Wengine walikwenda bonde jingine, nje zaidi ya mji, ambako chumba ni nafuu kwa sababu ileile. Dada alipata habari zao hospitalini, mmoja mmoja, walipoleta watoto wenye kuhara. Alirudi akamsimulia mdogo wake wakila. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao sasa, na Fundi Saa aliyapokea kama mtu anayepewa dawa, hata alipokosa pa kuitema.

Kona ililipiwa kwa jasho. Fundi Saa aliuza mashine yake ya kusawazisha saa, dada akachukua zamu za ziada, wakawa hawadaiwi. Kwa Bi Ushanga haikuwezekana. Tozo ya mwaka wa kwanza ilimpita, ya pili ikaja juu yake, na karani wa barabara, kwa sauti ileile ya upole, alileta notisi ya mnada yeye mwenyewe ili bibi asomewe na mtu anayemjua. Alinunua mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Walimpa siku kumi na nne za kutoa vitu. Siku ya mwisho mpwa wake alikuja na pikapu. Fundi Saa na dada yake walikwenda kusaidia kubeba, na vyombo vilikuwa vimeshafungwa kwenye magazeti, vizuri, hakuna kilichogongana. Ndani kulikuwa na weupe ukutani pale kabati lilipokaa miaka arobaini.

Dada alimvuta Bi Ushanga pembeni. Akamwambia kwamba kwao kuna chumba, kile cha dukani wangeweza kukigawa kwa pazia, asiende mbali hivyo kwenye nyumba ya mpwa iliyojaa watu. Alisema ameshazungumza na mdogo wake. Hakuwa amezungumza naye, lakini Fundi Saa aliitikia kwa kichwa.

Bi Ushanga aliwatazama wote wawili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo Fundi Saa alilolibeba baadaye.

"Nikae kwenu kama nani?" aliuliza. "Mgeni ana siku zake. Mpangaji ana kodi. Mimi nilikuwa na kwangu."

"Ukae kama mama," alisema Fundi Saa.

Bibi alimpapasa mkono kwa vidole vyake vilivyopinda. "Wewe mwanangu ulinihangaikia mwanzo," alisema. "Safari hii sikukuona."

Fundi Saa alitaka kueleza. Alifungua mdomo, akaona hakuna namna ya kulisema lile bila kumtaja Brashi mbele ya mjane wake. Dada alikuwa ameshika upande mmoja wa godoro, akimsubiri ashike wa pili. Akashika. Wakalipandisha kwenye pikapu, mpwa akalifunga kwa kamba, akamsaidia bibi kupanda mbele.

Gari lilipita juu ya mfuniko mpya wa mtaro, ukagonga mara mbili, likakata kona. Dada aliangalia jua, akasema zamu yake inaanza saa nane na asipoondoka sasa atakuta mashuka ya wadi mbili yamerundikana. Alimwambia mdogo wake kuna chakula kwenye sufuria, apashe moto. Fundi Saa akasema sawa. Alimsindikiza kwa macho hadi juu ya barabara, kisha akarudi dukani, ambako mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni na saa iliyosimama mkononi, akiuliza kama bado anatengeneza.